Hugh Trowell

Hubert Carey Trowell (1904 – 1989), aliyejulikana zaidi kwa jina la Hugh, alikuwa daktari kutoka Uingereza aliyefanya kazi nchini Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na baadaye kasisi wa Kanisa Anglikana. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni utafiti wake kuhusu kwashakoo, yaani utapiamlo mkali wa watoto. La pili ni hoja yake kwamba kisukari cha watu wazima na maradhi mengine yasiyoambukiza hayatokani na damu au kabila la mtu, bali kwa sehemu kubwa yanafuata chakula anachokula, na hasa nafaka zilizokobolewa mpaka nyuzinyuzi zake zikaisha. Hoja hiyo ilianzia wodini Mulago, Kampala. Ilipofika Ulaya na Marekani ilibadili mashauri ambayo wagonjwa wa kisukari hupewa kuhusu chakula, ingawa si kila sehemu yake imethibitika.

Maisha ya awali

Trowell alizaliwa mwaka 1904 na kusomea udaktari katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Alimwoa Margaret Sifton, msanii na mwalimu wa sanaa aliyezaliwa mwaka huohuo. Mwaka 1929 alijiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni, na mke na mume wakasafiri hadi Kenya.

Huko Kenya walikaa Machakos, katika Ukambani. Margaret alivutiwa na kazi za mikono za Wakamba, wachongaji na wafumaji wa vyondo. Mume wake alikutana na hospitali ya wilaya kama zilivyokuwa nyingi za wakati ule: malaria, kuhara, vichomi, vidonda na minyoo. Maradhi aliyofundishwa London kuwa ni ya kawaida kwa watu wenye umri mkubwa hakuyaona. Hakuwa peke yake katika jambo hili. Mwaka huohuo wa 1929, daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi upande wa Nyanza, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wapatao elfu moja. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba shinikizo la damu la watu hao halikupanda kadiri walivyozeeka kama ilivyotokea Ulaya.

Mulago na kwashakoo

Mwaka 1935 Trowell alihamia Uganda kuwa tabibu na mwalimu katika hospitali ya Mulago, ambako wanafunzi wa udaktari wa Makerere walipata mafunzo yao. Alibaki hapo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Madaktari wengi wa kwanza wa Afrika Mashariki waliosoma Makerere walipitia mikononi mwake.

Tatizo lililomshughulisha kwanza lilikuwa la watoto waliovimba miguu na uso, ambao nywele zao ziligeuka rangi na ngozi kubanduka, na ambao wengi walikufa. Waganda waliuita ugonjwa huo obwosi, wakiuhusisha na mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama yake ana mimba nyingine. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast (leo Ghana), aliueleza katika miaka ya 1933 na 1935 na kuuita kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Trowell mwenyewe kwa muda alidhani kwamba ni aina ya pelagra, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini, na alichelewa kuiacha dhana hiyo. Wapo wataalamu wa London waliokataa kabisa kwamba ni ugonjwa wa pekee, na mabishano yao yalichukua miaka huku watoto wakiendelea kufa wodini.

Mtaalamu wa maiti wa Mulago, J. N. P. Davies, aliwachunguza watoto waliokufa na kukuta kwamba kongosho lao limesinyaa, hasa zile chembe zinazotoa maji ya kumeng'enyea chakula. Mwaka 1954 Trowell, Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo. Kitabu hicho kilichangia sana kuufanya ugonjwa huo utambuliwe duniani na kutibiwa kwa maziwa. Leo wataalamu wanaona kwamba sababu zake ni nyingi kuliko upungufu wa protini peke yake.

Habari hizi zina uhusiano na kisukari. Kwa miaka zaidi ya kumi Trowell alikuwa akiwauliza wagonjwa wake na mama zao wanakula nini nyumbani, ndizi kiasi gani, maharage mara ngapi kwa wiki, unga umesagwa wapi. Wachache kati ya madaktari wa kikoloni walifanya hivyo.

Kisukari kilikuwa wapi?

Kisukari hakikuwa kitu kigeni kabisa Uganda. Mmisionari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo si wa kawaida sana, lakini unaua kwa kiasi kikubwa. Taarifa hiyo fupi ina mambo mawili ambayo Trowell alilichukua moja kwa uzito kuliko lingine: alishangazwa na uchache wa wagonjwa, na hakukazia sana vifo vyao.

Kuutambua ugonjwa enzi zile kulitegemea mkojo. Matone machache ya mkojo yalitiwa katika kichupa chenye maji ya buluu ya Benedict, kisha kichupa kikachemshwa kwa moto wa spiriti. Ikiwa hakuna sukari, maji yalibaki buluu. Ikiwepo kidogo yaligeuka kijani, ikizidi yakawa manjano, na kwa mgonjwa aliyezidiwa yalikuwa mekundu kama tofali. Kilikuwa kipimo cha bei nafuu ambacho hata mwanafunzi angeweza kukifanya pembeni mwa wodi. Udhaifu wake ni kwamba sukari huonekana kwenye mkojo pale tu inapokuwa imepanda sana katika damu, tena huonyesha hali ya saa zilizopita, si ya sasa. Mtu mwenye kisukari cha wastani angeweza kupita bila kugunduliwa.

Hata hivyo uchache ule haukuwa wa macho tu. Mulago ilikuwa na madaktari wengi wazuri na chumba cha maiti kilichochunguza miili kwa makini, na bado unene, kisukari, mawe ya nyongo, ugonjwa wa kidole tumbo na kuziba kwa mishipa ya moyo vilikuwa nadra kwa wagonjwa Waafrika. Katika jamii ya Wahindi waliokaa Kampala hiyohiyo, chini ya jua lilelile, kisukari kilijulikana vizuri. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake Singh waliripoti katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa amekaa Afrika Mashariki tangu 1929, na mgonjwa mmoja wa namna hiyo bado alistahili makala nzima.

Kabla ya kuondoka Uganda alianza pia kuona mabadiliko. Shinikizo la damu, ambalo Donnison hakulikuta, lilikuwa limeanza kuwa jambo la kila siku kliniki. Wagonjwa wa kisukari waliongezeka, na wengi wao walikuwa watu wenye mshahara: makarani, watumishi wa serikali, wafanyabiashara, watu waliokunywa chai yenye sukari na kula mkate mweupe. Kwa Trowell huo ulikuwa ushahidi mkubwa. Ukoo wa mtu haubadiliki ndani ya miaka 25, bali sahani yake hubadilika.

Kitabu cha mwaka 1960

Alipostaafu utumishi wa serikali alirudi Uingereza, na mwaka 1960 akatoa kitabu Non-infective Disease in Africa, kilichokusanya yote yaliyojulikana kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Afrika kusini mwa Sahara. Ni kitabu cha mtu aliyesoma kila ripoti ya hospitali aliyoweza kuipata. Hakikupata wasomaji wengi. Serikali na mashirika ya afya yalikuwa yakipigana na malaria, ndui na kifua kikuu, na orodha ya magonjwa ambayo Waafrika hawaugui haikuonekana kuwa na haraka yoyote.

Trowell mwenyewe aliliacha jambo hilo. Alipewa upadri katika Kanisa la Uingereza na kuhudumu karibu na Salisbury, katika parokia ya Stratford-sub-Castle. Kwa miaka kumi hivi kazi yake ilikuwa ibada, mazishi na kutembelea wagonjwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliongoza pia kundi la Chama cha Madaktari cha Uingereza lililojadili suala la kumharakishia kifo mgonjwa mahututi, akaandika kitabu juu yake mwaka 1973.

Kurudi kwenye utafiti

Aliyemrudisha ni rafiki yake wa Mulago, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland anayejulikana kwa saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Burkitt alikuwa amekutana na maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza. Cleave, pamoja na George Campbell wa Durban, alidai katika kitabu cha mwaka 1966 kwamba kisukari, magonjwa ya moyo na mengineyo yana chanzo kimoja, yaani sukari na unga mweupe. Campbell aliona kwamba Wazulu waliohamia mjini walianza kuugua kisukari baada ya miaka kama 20. Burkitt alikigeuza kichwa cha hoja hiyo: pengine tatizo si kile kilichoongezwa, bali kile kilichoondolewa. Alimwendea Trowell, aliyekwisha kuandika orodha nzima ya maradhi hayo mwaka 1960.

Kasisi huyo mwenye umri wa karibu miaka 70 alianza tena kusoma na kuandika. Mwaka 1972 alipendekeza maana ya nyuzinyuzi za chakula, ambazo wataalamu wa lishe wa Tanzania huziita pia makapimlo: ni mabaki ya kuta za chembe za mimea ambayo vimeng'enya vya mwili wa binadamu haviwezi kuyavunja. Neno lenyewe la Kiingereza lilitumiwa na mtu mwingine, Hipsley, mwaka 1953, lakini maana aliyoitoa Trowell ndiyo iliyofanya maabara zianze kupima. Hadi wakati huo majedwali ya vyakula yaliyahesabu makapi kama takataka.

Kuhusu kisukari alitoa makala mbili zilizojadiliwa sana. Ya kwanza, ya mwaka 1974, ilihusu Uingereza na Wales. Trowell alionyesha kwamba vifo vya kisukari vilipungua sana kati ya mwaka 1941 na 1954. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, kwa sababu ya vita na uhaba, serikali iliwalazimisha watu kula mkate wa unga wa kitaifa uliobaki na sehemu kubwa ya pumba zake. Unga mweupe uliporudi, vifo havikuendelea kushuka. Makala ya pili, ya mwaka 1975, ilitoa nadharia kamili: mtu aliyerithi udhaifu fulani hupata kisukari cha ukubwani akila kwa miaka mingi vyakula vya wanga vilivyoondolewa nyuzinyuzi. Mwaka huohuo yeye na Burkitt walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Kingine kilifuata mwaka 1981 kuhusu maradhi ya nchi za Magharibi, na cha tatu pamoja na Kenneth Heaton mwaka 1985.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu kuelewa alichokisema. Ni tofauti kati ya dona na sembe. Mahindi yale yale, yakisagwa na pumba zake, humeng'enywa polepole na sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Yakikobolewa na kusagwa laini, sukari hupanda haraka. Maharage, kunde, njugu mawe, mtama na mboga za majani ni upande wa kwanza. Mkate mweupe, maandazi na soda ni upande wa pili. Vyakula vya kila siku vya watu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama vile maharage na ndizi, vinafanana sana na vile ambavyo Trowell aliviona kwenye sahani za wagonjwa wake ng'ambo ya mpaka.

Ushahidi na ukosoaji

Sehemu moja ya hoja ilithibitika mapema. Mwaka 1976 David Jenkins na wenzake walionyesha kwamba aina fulani ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zikichanganywa na chakula, hupunguza kupanda kwa sukari ya damu baada ya kula. Nchini Marekani James Anderson aliwapa wagonjwa chakula chenye wanga mwingi na nyuzinyuzi nyingi, na baadhi yao wakahitaji insulini kidogo kuliko awali. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walikatazwa wanga karibu wote, jambo ambalo kwa familia inayokula ugali au ndizi mara mbili kwa siku ni sawa na kukatazwa chakula.

Sehemu nyingine ya hoja imebaki dhaifu. Wakati wa vita Waingereza hawakubadili unga tu. Walikula pia sukari na mafuta kidogo na walitembea zaidi, kwa hiyo haiwezekani kuzipa pumba sifa yote. Unene na kukaa bila kazi ya mwili, ambavyo Trowell aliviona lakini hakuvipa nafasi ya mbele, leo vinahesabiwa miongoni mwa sababu kuu. Aidha, hoja yake haihusu kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini, mara nyingi utotoni. Kwa mgonjwa wa aina hiyo hakuna chakula kinachochukua nafasi ya sindano, na kuelewa vibaya jambo hili kumegharimu maisha.

Ukosoaji mzito zaidi unarudi kwenye maneno ya Albert Cook. Hospitali huhesabu wanaofika hospitali. Mtoto wa kijijini aliyepata kisukari katika miaka ya 1930 alikonda, akanywa maji mengi, akapoteza fahamu na kufa ndani ya majuma machache, na huenda nyumbani wakasema ni malaria ya kichwa au wakataja uchawi. Hakuingia katika kitabu chochote. Uchache wa wagonjwa Mulago ulikuwa na sababu ya chakula, lakini kwa sehemu ulikuwa pia uchache wa walionusurika. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kitabu cha 1960 kingekuwa na nguvu zaidi kama kingelishughulikia swali hilo kwa undani.

Kupima baada ya Trowell

Nadharia ya Trowell ilijengwa juu ya takwimu za hospitali na vifo, kwa kuwa enzi zake mgonjwa hakuweza kuona mlo mmoja unamfanyia nini. Vijiti vya kuchovya kwenye mkojo vilianza kuuzwa mwaka 1956, na vya damu katikati ya miaka ya 1960. Mashine ndogo ambazo mgonjwa mwenyewe huzitumia nyumbani zilienea kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, wakati Trowell alikuwa akiandika vitabu vyake vya mwisho.

Leo mwenye mashine ya kupimia sukari anaweza kurudia swali la Trowell mezani kwake. Huosha mikono kwa maji na sabuni na kuikausha, kwa sababu hata mabaki ya embe kidoleni hupandisha namba. Hutoboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, hupima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Akifanya hivyo siku ya wali mweupe na soda, na siku nyingine kwa dona na maharage, tofauti huonekana kwa macho. Sukari ya damu kabla ya kula chochote asubuhi ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo kikarudiwa na kutoa jibu hilohilo, huhesabiwa kuwa kisukari. Kikwazo kwa wengi si mashine bali vijiti vyake, ambavyo kila kimoja hutumika mara moja na kutupwa, na bei yake humfanya mgonjwa wa kijijini apime siku ya kliniki tu. Insulini nayo inahitaji ubaridi. Pasipo friji, watu huitunza ndani ya chombo kilichowekwa katika chungu cha udongo chenye maji.

Upande wa Tanzania, swali la Trowell lilipimwa upya na Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili. Matokeo yao ya mwaka 1989, kutoka vijiji sita, yalitegemea vipimo vya damu vya watu majumbani mwao badala ya hesabu za hospitali. Walikuta wenye kisukari chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Hivyo Trowell alikuwa na haki kuhusu vijiji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliochukua watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta kiasi cha asilimia 9 wenye sukari iliyopanda. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja na hazilinganishwi moja kwa moja, ila mwelekeo ni ule alioueleza.

Familia na kifo

Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yao Mulago katika miaka ya 1930, na madarasa hayo yakawa shule ya sanaa ya Makerere. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa mchongaji Gregory Maloba wa Kenya na mchoraji Sam Ntiro wa Tanzania. Alifariki mwaka 1985.

Hugh Trowell alifariki dunia mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 84. Huko Makerere jina la Trowell bado linasikika kila siku, lakini kwa wanafunzi wengi ni la mkewe, kwa kuwa shule ya sanaa ilipewa jina la Margaret Trowell.